Mikono Haikuwemo Kwenye Makubaliano

Kaliua
11 Novemba 2023

Mama Kabula,

Salamu. Barua yako Ngollo, msaidizi wangu wa mizinga, ameniletea Jumanne aliporudi kutoka kupeleka asali Tabora. Nimeisoma mara mbili nikidhani sijaelewa.

Unataka nikulipie wewe ukasome lugha ya alama wiki sita. Wewe. Naomba tukumbushane tulichosaini mwaka 2019 mbele ya Dada Julieth wa ustawi wa jamii. Chakula cha mtoto, sare na vifaa vya shule, matibabu ya mtoto. Basi. Kila mwezi natuma, hata mwaka ule nyuki walipohama nilituma. Hakuna mahali palipoandikwa masomo ya mama. Asiyesikia ni mtoto, siyo wewe, na yeye shuleni anafundishwa. Mbona mimi naelewana naye? Akija huku namwonyesha kikombe anakunywa, namwonyesha kitanda analala. Kuna shida gani hapo?

Ukitaka kusoma, soma kwa hela yako. Na usinipigie kwa jambo hili. Dada Julieth alisema simu tuiache kwa dharura, mengine tuandike, kwa sababu sisi tukisikiana sauti tunatukanana.

Viatu vya mtoto vimo kwenye kiroba, chini ya unga.

Kornel


Ntalikwa
19 Novemba 2023

Baba Kabula,

Nimekuelewa. Darasa linaanza Jumatatu. Nitasoma.

Unga umefika, mafuta yamefika. Viatu ni vidogo, mguu umekua. Aliponionyesha vinambana alianza kulia na kuniambia kitu kingine kwa mikono, kirefu, akarudia, akarudia tena, mpaka akachoka akaenda kulala. Hicho kirefu ndicho ninachokitafuta. Miaka kumi na miwili namlisha huyu mtoto na sijui anawaza nini.

Dafrosa


Kaliua
14 Julai 2024

Mama Kabula,

Natumaini kidonda cha mtoto kinafunga vizuri. Hii barua nimeianza mara nne, zote nikawashia jiko. Hii ya tano siichomi.

Nilikudanganya. Asubuhi ile ulipofika hospitali, umetoka Tabora hata chai hujanywa, ukaniuliza Kabula ameanza kuumwa lini. Nikakujibu, jana asubuhi. Siyo kweli. Alianza Ijumaa. Zilikuwa siku tatu. Naomba nikueleze zilivyokwenda, usome mpaka mwisho, halafu useme utakalosema.

Ijumaa tulikuwa porini kwenye mizinga, mimi na yeye na Ngollo. Alikuwa anashika moshi vizuri kuliko mtu mzima. Mara nikamwona ameweka kifurushi cha moshi chini, amekaa, ameshika tumbo huku chini. Akaniambia kwa mikono, haraka haraka. Nikatikisa kichwa. Akarudia polepole, kama mtu anayeongea na mjinga. Mwishowe akachukua kijiti akaandika kwenye vumbi: TUMBO. Nikasoma, nikajiona nimeelewa.

Tumbo, huku chini, msichana wa miaka kumi na tatu. Nikajua amevunja ungo.

Na wewe unajua kwetu baba hamwulizi binti yake jambo hilo. Anaitwa shangazi. Tuliporudi nyumbani nikampigia dada Paskazia kule Goweko, nikamwambia njoo, mtoto wetu amekua. Sikuogopa, Dafrosa. Hapo ndipo panaponiuma. Nilifurahi. Nilikwenda sokoni nikanunua doti mbili za khanga na kuku jike, nikamwambia muuzaji, huku najivuta suruali juu, kwamba ni za binti yangu. Kabula amejikunja kwenye mkeka ndani, mimi napita nje najisikia baba wa maana.

Jumamosi akatapika. Jirani yangu Tatu akasema wengine mara ya kwanza hutapika, nimpe chai ya tangawizi. Nikampa, nayo akaitapika. Halafu akanishika mkono. Akauvuta akauweka kwenye tumbo lake, upande wa kulia, akaukandamiza hapo, na kwa mkono wake wa pili akawa ananiambia kitu huku ananitazama machoni. Mimi nikautoa mkono wangu. Niliona haya. Akaushika tena, nikautoa tena, nikatoka nje.

Hilo sijamwambia mtu. Paskazia hajui. Nakuambia wewe.

Jumapili mchana Paskazia akafika, ameshuka basi akapanda pikipiki. Aliingia ndani, na kabla sijamaliza kumshushia mzigo kwenye pikipiki akawa ameshatoka. "Wewe Kornel, hii siyo ungo. Mtoto huyu anakufa."

Hospitali daktari akamwuliza mtoto, akagundua hasikii. Kabula akaanza kuongea kwa mikono, daktari akanigeukia mimi, akauliza anasemaje. Nikasema sijui. Akaniuliza wewe ni nani yake. Nikasema baba. Akauliza kama yupo mtu yeyote anayemwelewa. Nikasema yupo, mama yake. Nilipotamka hivyo nilikumbuka barua yangu ya Novemba, neno kwa neno.

Mengine unayajua, tulikupigia simu ya video. Lakini hukuona nilichoona mimi kutoka nje. Pazia lilikuwa limeacha upenyo. Daktari ameshika simu mbele ya mtoto, kwenye kioo naiona mikono yako, midogo kama ya mwanasesere, na uso wa Kabula ukalegea. Siku tatu uso ule ulikuwa umekaza, na ukalegea kwa sababu kuna mtu anamwuliza kitu. Baada ya kumpasua daktari aliniambia kidole tumbo kilikuwa kimebakiza masaa tu kupasuka.

Paskazia ameniambia darasa ulilipa kwa kuuza cherehani. Nilijifungia ghalani nikakaa na madumu ya asali kama mwizi.

Niambie nikulipe nini. Ila kuna kitu kinanitisha kuliko hela. Nilipokuja kumuaga, Kabula aligeukia ukutani. Naogopa hatakuja tena Kaliua. Nitakuwa baba wa kutuma viroba mpaka nife.

Ni mimi,
Kornel


Ntalikwa
28 Julai 2024

Baba Kabula,

Nilijua.

Daktari aliposhika simu swali lake la kwanza lilikuwa tangu lini. Nikamwuliza Kabula, akainua vidole vitatu. Wewe asubuhi yake uliponiambia "jana", mimi nilikuwa nimeshalia usiku kucha kwa hizo siku tatu. Nikakuambia sawa. Usifikiri nilikusamehe. Nilikuwa nimechoka, na mtoto hajaamka. Halafu nikasema ngoja nione mwanaume huyu atakaa na uongo wake muda gani. Nilikuwekea mwaka. Umekaa nao wiki tano, nimeshangaa.

La mkono sikulijua. Kabula hakuniambia. Nimelisoma nikatoka nje nikazunguka shamba lote la mahindi. La khanga limenifanya nicheke peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka.

Unauliza unilipe nini. Cherehani acha, nimepata nyingine. Yule Rashmi mwenye duka la vitambaa mjini kanipa ya kwake ya zamani namshonea sare. Lakini kwa vile wewe ni mtu wa karatasi, nikuulize. Tuliandika matibabu ni juu yako. Kitanda ulilipa, dawa ulilipa, na mpasuaji ulimlipa, sikunyimi haki yako. Lakini kabla daktari hajashika kisu aliuliza maswali sita, na majibu yote sita yalipita kwenye mikono yangu, ile uliyosema haikuhusu. Sasa mikono yangu siku ile ilikuwa ni nini? Siyo matibabu?

Na chakula vilevile. Unga unatuma. Miaka yote nilikuwa nampikia nampa, anakula ananyamaza. Siku hizi nikishika mwiko namwuliza unataka nini leo, anajibu, tunabishana, anasema mlenda wangu una chumvi kama wa shuleni. Amenenepa, Baba Kabula. Unga ni uleule.

Nataka turudi kwa Dada Julieth tuandike upya, na vitu viandikwe kwa majina yake. Nauli yangu siku za wazazi shuleni. Bando la simu ya video, ambalo uliliita starehe. Na darasa la alama, awamu yangu ya pili, na ya kwako ya kwanza. Ndiyo, ya kwako.

Kuhusu kurudi Kaliua simlazimishi. Nimemwuliza. Kasema hawezi kulala kwenye nyumba ambayo akiumwa inabidi asubiri shangazi afike kwa basi. Ndivyo alivyosema, sijaongeza hata nukta.

Dafrosa


Kaliua
8 Septemba 2024

Mama Kabula,

Nimekubali yote. Nitakuwa kwa Dada Julieth Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu saa mbili asubuhi.

Mambo mawili tu. La kwanza, nina miaka arobaini na nane. Na kile kidole changu cha shahada, nilichovunja nilipoanguka na mzinga, hakikunjiki mpaka leo. Nimejaribu kufuata ile video aliyonitumia Mwalimu Amon wa darasa la alama, mkono wangu unaonekana kama uma wa kuchotea nyasi. Ngollo kanicheka mpaka kakaa chini.

La pili, Kaliua kwenda Tabora kila Jumamosi kwa miezi mitatu ni nauli nyingi, na kula pale mjini. Nilikuwa nauliza, je, hiyo nauli naweza kuikata kwenye matunzo ya mwezi? Kwa kuwa ni kwa faida ya mtoto. Siyo uchoyo, nauliza tu nielewe.

Kornel


Ntalikwa
15 Septemba 2024

Baba Kabula,

Swali lako la pili nimelisoma kwa sauti na majirani wakasikia. Wamekuombea.

Jibu ni hapana. Mtoto hawezi kupunguziwa unga ili baba yake ajifunze kumwuliza kama ameshiba. Hayo ni matunzo yako wewe kwake, yatoke mfukoni kwako, kama yangu yalivyotoka kwenye cherehani.

Kuhusu kidole, Mwalimu Amon mwenyewe ni kiziwi, na ana rafiki kiziwi aliyekatwa vidole viwili na mashine ya mbao. Anasema huyo rafiki ndiye msemaji kuliko wote, ukikaa naye huondoki. Kwa hiyo njoo na kidole chako.

Jumamosi saa tatu. Usikae nyuma.

Dafrosa


Shuleni, Tabora
23 Februari 2025

Baba shikamoo.

Mama amesema barua zenu zina nakala, kwa hiyo na mimi nimeandika nakala, usiseme hujapata.

Mimi mzima. Kovu langu wenzangu wanaomba kulitazama, nawaonyesha kwa biskuti. Niko darasa la sita, nimeshika namba nne, namba tatu ni Erasmus ambaye ananakili kwangu na bado ananizidi, sijui inakuwaje.

Mama ameniambia mmesaini karatasi mpya na darasa lako limo. Mwalimu Amon huwa anakuja kwetu kutufundisha useremala na ametueleza habari zako. Hajakusema vibaya. Amesema Jumamosi ya kwanza kulikuwa na akina mama kumi na mmoja na wewe, na walipokuambia ujitambulishe ulitaka kusema wewe ni mtu wa nyuki, ukasema wewe ni mbuzi. Bweni zima limecheka, mimi pia. Lakini amesema na hivi, kwamba ulipochekwa hukukasirika, ulirudia mpaka ukapatia. Na mwezi uliofuata wakaja wababa wengine watatu kwa sababu walisikia yuko mwanaume.

Unaniomba nije Kaliua likizo ya Juni. Bado sijakubali.

Hapa kwetu hakuna kupanda darasa bila mtihani. Na wewe utafanya. Nikifunga shule nitakuuliza maswali kumi kwa mikono, nyumbani kwa mama. Mama atakaa hapo lakini hatakusaidia hata kwa jicho. Kuandika hairuhusiwi, na simu utaiacha mlangoni. Lazima uelewe swali na ujibu kwa mikono. Ukipata saba nakuja Kaliua. Ukipata sita siji, utasubiri Desemba.

Usimwambie Mwalimu Amon akupe maswali. Hana. Niko nayo mimi.

Mwanao,
Kabula


Kaliua
9 Machi 2025

Kabula mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mbele ya Ngollo na Tatu, wote wamesema wewe ni mkali kuliko baraza la mitihani.

Nakubali masharti yote. Saba ni saba, sitaomba kuongezewa. Nikianguka Juni nitarudi Desemba, na Desemba nikianguka nitarudi mwaka unaofuata. Nafanya mazoezi kila siku nikiwa porini, na nyuki wamenizoea. Naomba kitu kimoja tu, usiende haraka. Mimi mikono yangu imejifunza uzeeni.

Baba yako,
Kornel


Ntalikwa
8 Juni 2025

Wifi yangu Paskazia,

Salamu za huko Goweko, na pole na tumbaku, nimesikia soko limewachelewesha. Umenipigia mara tatu kuniuliza kama kaka yako kapita mtihani. Kwa simu nisingeweza kukueleza vizuri, kaa chini usome.

Jana alikuja saa nne asubuhi, amenyoa, amevaa shati la kanisani, mkononi ana dumu la asali. Kabula akalitazama dumu akamwambia kwa mikono hapokei rushwa. Kaka yako akaelewa. Akalitoa dumu nje. Mimi moyoni nikasema hilo lingehesabiwa, lakini Kabula kasema mtihani bado haujaanza.

Nikakaa kwenye stuli karibu na mlango, mikono nimeikalia, kwa sababu wifi sijiamini. Kabula akaweka meza katikati kama msimamizi. Karatasi yake ya alama kaigeuza isionekane.

Swali la kwanza, umesafiri na nani. Akajibu na Ngollo, na gari lilipasuka tairi, na tairi lenyewe aliliigiza kwa mashavu. Akapewa. La pili mama anapika nini, akageuzia pua jikoni akajibu maharage, akapewa. La tatu akalikosa, lilikuwa la jina la mwalimu wake mkuu, akataja alama ya jina la Mwalimu Amon. La nne na la tano akapata. La sita Kabula akalitupa haraka makusudi, akakosa, na kaka yako akamwambia tulikubaliana usiende haraka. Alimwambia hivyo kwa mikono, wifi, kwa hasira kabisa. Walikuwa wanagombana, na mimi nilikuwa nimekaa pale naona baba na mtoto wanagombana kama watu wote wengine, na machozi yananitoka. La saba akapata. La nane akapata. Hapo anazo sita. La tisa lilikuwa la hesabu, mizinga mingapi imeingia nyuki mwaka huu, akaonyesha namba, Kabula akasema namba hiyo siyo aliyomwandikia kwenye barua yake ya mwezi wa tano. Akakosa. Bila shaka alidanganya kwenye barua, unamjua.

Ikabaki moja. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kola.

Kabula akaikunja ile karatasi akaiweka kando. Akamwangalia. Akauliza polepole sana, kila alama peke yake, kama anavyomfundisha mtoto mdogo: "Siku ile nilikushika mkono. Kwa nini uliutoa?"

Wifi, wewe hujui habari ya huo mkono. Kaka yako atakueleza mwenyewe akitaka. Mimi najua, na nilitaka kusimama nitoke, lakini nilikuwa nimeshaahidi kukaa.

Nilidhani kaka yako hajaelewa. Halafu akainua mikono. Alama zake hazikuwa zimenyooka, kidole kile kinabaki kimesimama kila anapokunja, na mpangilio ulikuwa wa kubahatisha. Lakini alisema hivi, nakuandikia kama nilivyoona: "Niliona haya. Wewe ulikuwa unaongea, mimi sijui. Ningeuliza. Sikujua kuuliza. Nikakimbia. Kosa langu mimi, siyo lako. Samahani."

Kabula akanyoosha mkono juu ya meza, akakishika kile kidole cha baba yake, akakielekeza kidogo pembeni, akamwonyesha "samahani" inavyotakiwa kukaa. Baba akarudia. Akamrekebisha tena. Akarudia. Ndipo mtoto akainua vidole saba.

Kaka yako aliweka kichwa juu ya meza akalia kama amefiwa, na Kabula akamgongagonga mgongoni huku ananitazama mimi, anasema kwa mkono mmoja, "Huyu vipi?"

Tumekula maharage. Asali imeruhusiwa kuingia. Leo asubuhi wameondoka wote wawili, begi lake kubwa kuliko yeye. Na Dada Julieth nilikutana naye sokoni Ijumaa, akaniambia lile neno tulilomlazimisha kuliandika kwenye makubaliano, mawasiliano ya mtoto na wazazi wote wawili, ameshaliandika kwenye makubaliano ya watu wengine wanne. Mmoja mtoto wake anasikia vizuri kabisa, baba tu ndiye aliyekuwa hapigi simu.

Uniletee dagaa ukija.

Wifi yako,
Dafrosa


Kaliua
29 Juni 2025

Mama Kabula,

Salamu kutoka huku kwenye asali. Mavuno ni mazuri, na afya ya mtoto ni nzuri. Nina malalamiko.

Hukuniambia huyu mtoto anaongea kiasi hiki. Anaanza kabla sijapiga mswaki. Nimeshajua nani bwenini aliiba ndoo ya nani, na nani alisingiziwa, na kesi ilivyoamuliwa, na kwa nini uamuzi haukuwa wa haki. Nikiwa juu ya mti nimeshika mzinga, yeye chini ananisimulia, nisipotazama ananirushia kokoto. Juzi nimekaribia kuanguka kwa sababu ya kisa cha Erasmus na mtihani wa sayansi, na kisa chenyewe ni kweli kinachekesha.

Ngollo ananiuliza kila saa, anasemaje, anasemaje. Kabula alimwambia anabeba asali kama anabeba matope. Mimi nikamtafsiria kwamba anamsifu kwa nguvu. Kabula akasoma uso wa Ngollo, akaona anatabasamu, akajua nimedanganya, na ikabidi nitafsiri upya, sahihi, huku amesimama ananisimamia. Sasa Ngollo anabeba kwa adabu.

Tatu ameomba afundishwe. Kila jioni kabla ya jua kuzama mwanao anakaa kwenye benchi la mbele na watu sita au saba, wakubwa kwa wadogo, na akikosea mtu anamrudisha mwanzo. Muuguzi wa zahanati yetu amekuja siku mbili mfululizo na daftari. Mimi nimepewa kazi ya msaidizi, nafuta ubao.

Kuna lingine. Alhamisi tulikuwa tunapita stesheni, watu wengi wanasubiri treni ya Mpanda, akanishika shati akanisimamisha katikati yao. Akaniuliza kwa nini mimi na wewe tuliachana. Pale pale. Mwanzoni nilitaka kumwambia tutaongea nyumbani, halafu nikaona hakuna hata mtu mmoja kwenye umati ule anayejua tunazungumza nini. Nikaweka mzigo chini. Nikamwambia kwamba wewe, mama yake, hukufanya kosa. Nikamwambia uliponiambia mtoto hasikii, mimi nilisema kwetu hakuna viziwi, na nikasema mengine mabaya kuhusu ukoo wenu, na nikaanza kuchelewa kurudi, na mwishoni sikurudi. Nilikosa alama ya "ukoo", akanipa. Nilipomaliza akauliza kama wewe unajua kwamba mimi najua ni kosa langu. Nikasema sina hakika. Akasema nikuandikie.

Basi nimekuandikia. Lilikuwa kosa langu. Ningelisema miaka kumi iliyopita, lakini nilikuwa na kazi ya kuhesabu viroba.

Bando la mwezi ujao nimeshaliweka kwenye simu yako, ukipata barua hii mpigie saa mbili asubuhi, ana habari zako pia, usiulize nimekusema nini. Na nauli ya kumrudisha Tabora ni yangu, sitauliza tena ikatwe wapi.

Naacha hapa. Amenigonga bega mara ya tatu, anasema bado hajamaliza.

Ni mimi,
Kornel